Kiti cha Nyuma

Risasi zikilia, pikipiki yako inabeba nani? Jirani yangu hapa mjini Baraka ameacha ile nzito ya kiti kipana, akachukua ya mbio, ya kulalia tumbo. Wanaume wakasifu injini. Mkewe akapima kiti cha nyuma kwa kiganja kimoja, kikaisha.

“Papa, mi nitaikala wapi?”

“Hii iko mbio, mama. Basoda na bunduki zao habataiweza.”

“Nimeuliza mi nitaikala wapi.”

Mume akafuta tangi lililokuwa safi. Vita ilipoingia mwezi uliopita, mama huyu alipanda hadi Fizi kwa miguu, mtoto mgongoni. Mume alituambia walipotezana njiani.

“Ile nzito ilinionyesha kiti chako kila siku,” akasema mwishowe, mbele yetu sote. “Hatukupotezana. Nilikuona unakuya, nikawasha pikipiki, nikakuacha.”