Upepo Ndani ya Mfuko

Mvua ikilowesha mawe meusi ya volkano hapa Gisenyi, harufu yake hunirudisha nyumbani kwetu, mimi mtoto ninayelia kwa kuogopa radi. Mama alikuwa amefunika kioo kwa kitenge, maana radi hufuata kinachong'aa. Baba, mwalimu, alicheka. Akapuliza mfuko wa karatasi wa sukari, akaupasua kwa kiganja.

"Unalia nini? Wagiriki wa zamani walisema ni upepo tu, umefungwa mu mawingu, unapasua ili utoke."

"Bon, lakini we usitoke," mama akasema. "Acha ile mbuzi."

Baba akatoka kumleta mbuzi, na radi ikamuua akiwa ameshika kamba. Mlio ule nilidhani ni mfuko mwingine, amenipasulia mimi. Nikapiga makofi.