Vinu vya Bibi juu ya bodaboda

Jamani, leo simu yangu imemponza Baba!

Niko nyumbani Butiama. Baba ana sukari, na daktari alishamwambia atembee. Hatembei. Hata mnadani hapo karibu anaitaga bodaboda.

"Sukari ni ya ukoo wetu. Nitembee ili iweje?"

Mchana akiwa anasubiri bodaboda yake, mimi nasoma kwenye simu kuhusu mitokondria, vile vinu vidogo vinavyoipa seli nguvu. Kumbe vinatengeneza peptidi, yaani vipande vidogo sana vya protini! Watafiti wanachunguza kama vipande hivyo vinausaidia mwili kutumia sukari na kulinda seli. Bado sio dawa. Ila inaonekana mazoezi yanaweza kuviongeza.

Nikamsomea Baba. Na kilichonishangaza zaidi: vinu hivyo tunavirithi kwa mama tu.

"Kwa mama tu?" Akacheka. "Kama ng'ombe wangu!"

(Kwetu ng'ombe anatajwa kwa mama yake, haijalishi dume ni wa nani.)

Halafu kicheko kikakatika. Mama yake alikuwa amekaa pale pale, anachambua dagaa.

"Kwa hiyo hivyo vinu ni vyangu?" Bibi akaniuliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Mimi nilivitembezaga mpaka Mugango kule ziwani kufuata samaki." Akamgeukia Baba. "Wewe unavipandisha bodaboda."

Mara honi ikalia nje.

Baba akatoka, akaongea na dereva. Bodaboda ikaondoka tupu. Baba akashika fimbo, huyo, kwa miguu!

Na wewe unayesoma hapa umejilaza, vinu vya mama yako umevitembeza leo?