Chonge Langu Lipo!

Jamani, lile jino langu lipo!

Mnalijua pengo langu la chonge. Mama husema shangazi ndiye aliyeliua jino hilo, aliponiangusha na baiskeli mwaka vita vilipoisha. Tangu hapo hawasalimiani.

Leo asubuhi hospitalini, daktari wa meno aliyekuja kwa treni kutoka Dar es Salaam kanipiga picha mbili za eksirei za taya, kila moja upande wake. Mama alipomsimulia habari ya baiskeli, akaziinua dirishani.

"Chonge hili hapa, limelala ndani ya taya. Hakuna aliyeliua. Limeota kombo lenyewe."

Picha zimemwonyesha pa kupasulia fizi. Atalifunga waya mwembamba, alivute polepole, mwezi hadi mwezi, mpaka lishuke mahali pake!

Nikacheka kwa furaha.

Tulipotoka, Mama akanishika mkono mpaka Gongoni kwa shangazi. Mlango ukafunguliwa.

"Wifi, nimekusingizia miaka yote. Nisamehe."

Shangazi alimtazama weee! Kisha akanigeukia mimi.

"Hebu panua mdomo nione."

Sasa hivi wako jikoni, wanagombania nani atanipeleka siku ya waya.

Nyie mngemchagua nani?