Mashine Iliyofukizwa Ubani

Kila Alhamisi, alasiri ikishasaliwa, mama alikuwa akiifukiza ubani kompyuta. Naandika hivi nikijua wapo watakaocheka, na siwalaumu, maana hata mimi nilicheka, tena mbele yake. Yeye alipitisha chetezo upande wa pili wa mashine, na moshi ukaingia kwenye vitundu vya ubavuni kama unaovutwa na mtu aliyeko ndani. Nikaacha kucheka.

Kompyuta yenyewe ilitoka kwa kaka yangu. Kaka alizamia meli bandarini hapa Tanga, katika miaka ile ambayo sabuni ilipatikana kwa foleni na sukari kwa kujuana. Baba alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kamba za mkonge. Kiwanda kilipoanza kusuasua wakampunguza kazi, akawa anashinda barazani kwetu mtaa wa Mabawa na mikono yake mikubwa isiyokuwa na cha kushika. Siku moja, mbele yetu sote, alimwambia kaka, "Nenda ukatafute. Usikae hapa tukitazamana." Kaka akaenda. Hakuaga mtu. Tulijua amejificha melini kwa sababu mwenzake, aliyeogopa kupanda, ndiye aliyetuletea viatu vyake. Walikuwa wakipanda kamba peku, alisema, viatu vinateleza.

Ukapita mwaka, ikapita mingine. Foleni zikaisha. Mitumba ikaingia, redio na televisheni zikawa zinapangwa barabarani mtu achague mwenyewe, na viwanda vya Tanga vikaendelea kufungwa kimoja kimoja. Ndipo akaja baharia mmoja, Mpemba, mtu mzima, amekumbatia mfuko. Alitoa ndani yake kompyuta ya kukunja, ya kijivu, nzito. Mara ya kwanza kuiona mama alidhani ni mizani.

"Mie kanipa mkononi mwenyewe," alisema baharia, akataja bandari ya mbali ambayo jina lake hakuna kati yetu aliyelishika. "Kasema, mwambie mama, nitamwita kwa hii. Huko wenzetu wanazungumza kwa mashine hizi, mtu na mamake, huyu huku, yule kule."

Akanywa chai, akaenda zake. Hatukumwona tena. Wala habari nyingine ya kaka haikuja, si kwa barua, si kwa simu, si kwa mdomo wa mtu.

Mimi wakati huo nilikuwa nikichapa kazi za watu kwenye duka la vifaa vya ofisi kule Ngamiani, kwa familia moja ya Kihindi, kwa hiyo pale nyumbani ni mimi tu niliyejua kuiwasha. Niliipekua yote siku ileile. Ndani hamkuwa na neno la kaka hata moja. Mlikuwa na michezo tu: wa karata, na mwingine wa mbio za magari ambao ukiucheza kidogo mashine inapata moto, huwezi kuiweka mapajani. Nikamweleza mama kwamba ili kuzungumza na mtu wa ng'ambo inahitajika laini ya simu, na vitu vingine ambavyo sisi hatuna.

"Mwanangu hakutaja laini," alinijibu. "Kasema ataniita."

Akaitengea kompyuta kitanda cha kaka. Akailaza juu ya mto wa sufi, akaifunika kitambaa cha kufuma chenye maua ya waridi, kile kinachofunika redio katika kila nyumba inayojiheshimu. Kutoka alasiri hadi magharibi lazima iwe imewashwa, na mchezo wa magari uwe wazi, maana ndio uliokuwa na rangi. Hakuna aliyeucheza. Kagari kekundu kalikuwa kamesimama kwenye mstari wa kuanzia, kanatetemeka, kanasubiri mtu.

Mlio ulianza Alhamisi moja. Nilikuwa uani nakuna nazi. Nilisikia kitu chembamba kikipanda, kikasita, kikashuka, halafu kikajivuta mpaka kikaisha. Mkono wangu ulisimama juu ya mbuzi. Kaka alikuwa na mbinja yake. Enzi zile akichelewa, alikuwa akiipiga mlangoni ili mama amfungulie bila baba kujua. Ilikuwa ikipanda, inasita, inashuka, inajivuta. Mbinja ile ndiyo niliyoisikia ikitoka chumbani kwake.

Nilipofika, mama alikuwa ameshapiga magoti kando ya kitanda. "Naam, baba," alikuwa akisema, kwa sauti ya juu, kama mtu aliyeko kwenye simu ya mbali. "Naam, nakusikia. Njia mbaya, eeh?"

"Beringi," alisema baba kutoka barazani. Hata shingo hakugeuza. "Nimezeeka na beringi. Ikikosa mafuta inalia hivyo."

"Beringi haijui kubisha hodi," mama akamjibu.

Kuanzia hapo ndipo ubani ulipoanza. Kwa mama jambo lilikuwa wazi: mtoto anaita, njia ina uchafu, nayo itasafishwa kwa ubani. Na cha kuudhi ni kwamba ubani ulifanya kazi. Kila alivyozidi kufukiza, mashine ilizidi kupata moto, na mbinja ikazidi kulia. Ukigusa mto chini yake unaungua. Sufi ikatoka doa la kahawia.

Siku moja ya mgao wa umeme, feni za jirani zilizima, redio zikanyamaza, mtaa mzima ukawa kimya, na kompyuta ikabaki imewaka kwa betri yake. Chumba kilikuwa na mwanga wa samawati tu, na ule mlio. Jirani yetu, mama mmoja asiye na makuu, alikuja kuomba makaa. Akasimama kizingitini, akainua kichwa.

"Kumbe kijana amerudi?" aliuliza. "Nimesikia mbinja yake."

Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote.

Sasa, jambo lililokuwa likituumiza mle ndani ni hitima. Baba alitaka mwanawe asomewe. Miaka imekwenda, alisema, mtu hawezi kuachwa katikati, si katika walio hai, si katika marehemu. Mama hakutaka kusikia. "Hitima ya mtu anayeniita kila Alhamisi? Mmemzika wapi?" Ilifika mahali hawasemezani ila kupitia kwangu. Mwambie babako chakula tayari. Mwambie mamako nimeshiba. Mama alikuwa amekonda, halali vizuri, hatoki kwenda hata arusini, asije akaitwa naye hayupo. Niliwaonea huruma, lakini mbele ya huruma nilikuwa na hasira, na ni hasira iliyonipeleka kwa fundi saa kuazima bisibisi ndogo. Niliapa nitaifungua ile mashine, nimwonyeshe mama kitu kinacholia, akishike kwa mkono wake, mambo yaishe.

Nilianza na lililo rahisi. Niliondoa kitambaa, nikaondoa mto, nikailaza kompyuta juu ya vitabu viwili ili hewa ipite chini. Joto likapungua kidogo. Mlio ukabaki vilevile.

Siku ya pili nikaifungua. Mama alikaa kitandani akinitazama kama mtu anayemwangalia daktari anayempasua mwanawe. Baba akaja akasimama mlangoni, kwa mara ya kwanza tangu kile kitu kiingie nyumbani. Nilipoinua bati, harufu ilitoka nzito, ya msikiti siku ya maulidi. Feni ilikuwa nyeusi. Utomvu wa ubani ulikuwa umeganda kwenye mapanga yake tabaka juu ya tabaka, yakawa hayazunguki, yanajikokota tu.

"Unaona, mama?" nilisema. "Ni wewe. Moshi wako umeiziba, haipumui, ndiyo maana inaungua na kulia."

Nikasugua kila panga kwa pamba na spiriti mpaka likang'aa, nikafunga, nikawasha. Feni ikazunguka vizuri. Upepo baridi ukatoka ubavuni, nikaweka kiganja cha mama pale ausikie. Nikakaa nisubiri ule ukimya wangu niliouhangaikia.

Mbinja ikaja. Ilikuja safi kuliko siku zote, haina mkwaruzo. Mama akatabasamu.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Umemsafishia njia."

Nakumbuka nilitazama dirisha, nikaona jua bado kali na watu wanapita, na bado niliogopa.

Baba ndiye aliyeingia. Alikuwa na bisibisi yake ya kiwandani, ndefu, yenye mpini wa mti. Akaweka ncha yake chini ya mashine na mpini nyuma ya sikio, akafumba macho. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisikiliza mitambo ya mkonge, na ndivyo alivyonifundisha tangu mdogo: chuma hakifichi, kitakwambia kinapoumia. Akahamisha ncha kidogo kidogo mpaka pembeni kabisa, akatulia. Alikaa pale muda mrefu kuliko fundi anavyohitaji.

"Hapa," alisema.

Pale palikuwa na diski, kile kisahani kinachozunguka ndani ya kasha lake na kubeba kila kitu ambacho kompyuta inakumbuka. Joto la miezi yote ile lilikuwa limekausha vijiberingi vyake. Nikawaambia ukweli: feni imepona, lakini diski imeungua, haitapona, ipo siku itasimama. Ikiwashwa mara chache itadumu kidogo.

"Basi izimwe," alisema baba. "Ipumzike."

"Mtu anaita, nyie mnamfungia mlango?" mama alimuuliza. Ni yeye mwenyewe aliyemuuliza, hakunipitisha mimi. Baba akainamisha kichwa, akatoka. Mashine ikabaki imewaka.

Haikumaliza wiki mbili. Umeme ulikatika tena alasiri, betri ikaisha nayo, na umeme uliporudi mama aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisahau. "Mbona kimya? Njoo, mbona kimya?"

Kioo kilikuwa cheusi chenye maandishi meupe machache. Diski haizunguki. Niliichomoa, nikaishika kiganjani, ndogo hivi, bado ina uvuguvugu. Baba akanyoosha mkono. Akaizungusha ghafla kwa kifundo cha mkono, mara moja, kama anavyoshtua mota iliyoganda, akanirudishia. Nikaichomeka. Nikawasha.

Ikazunguka. Mbinja ikapanda, ikasita, ikashuka, ikaanza kujivuta. Safari hii haikukatika. Ilijivuta, ikazidi kwenda chini, ikawa nzito, ikawa kama pumzi, mpaka sikujua tena kama naisikia au ni damu yangu masikioni. Mama alikuwa ameinamisha uso mpaka karibu na vibonye. Tulisubiri. Kagari kekundu hakakutokea. Feni peke yake ndiyo iliyokuwa ikizunguka, hiyo niliyoisafisha mimi.

"Ameaga," alisema mama. "Siku ile hakuaga."

Akavuta ncha ya khanga yake akajifunika kichwa. Halafu akamtazama baba. "Waite watu," alimwambia.

Hitima ilisomwa Ijumaa iliyofuata. Mama alilia kilio chote alichokuwa amekizuia, wanawake wakamshika, na jioni akala wali sahani nzima. Aliniambia amelala usingizi wa kweli. Chetezo kilirudi kufukiza nguo, na kitambaa cha maua ya waridi kikarudi juu ya redio. Nami nikashukuru, nikarudi Ngamiani kwenye kazi zangu, nikijua kwamba jambo limekwisha.

Alhamisi moja, baada ya hapo, niliwahi kutoka kazini kwa sababu ya kichwa. Barazani hapakuwa na mtu, na mama alikuwa amekwenda arusini. Nikapita ukumbini. Mlango wa chumba cha kaka ulikuwa umerudishwa nusu, na ndani palinuka ubani.

Baba alikuwa amekaa kitandani, amenipa ubavu. Sakafuni palikuwa na chetezo kinachofuka, na kando yake vile viatu alivyoviacha kaka, vimepigwa rangi. Kompyuta haikuwepo. Diski ilikuwa kiganjani mwa baba, peke yake, haina waya, haijachomekwa popote. Ncha ya bisibisi ilikuwa juu yake, na mpini wa mti ulikuwa nyuma ya sikio.

"Shikamoo, baba," nilisema.

Aliinua kidole nisipige kelele. Nikasimama palepale nisijue nifanye nini na mikono yangu. Nyumba ilikuwa kimya kabisa.

"Baba," nilimuuliza mwishowe, "unasikia nini?"

Macho yake yalikuwa yamefumbwa, na machozi yalikuwa yakishuka shavuni mpaka kwenye ule mpini.

"Beringi," alisema.