Siku Niliyomnyamazisha Bihogo

Breki kavu ikibana chuma hulia mlio mmoja, mrefu na mwembamba, kama nguruwe aliyeshikwa mguu. Niliusikia tena mwezi uliopita hapa uani kwangu Murusagamba, nikiwa nimekaa kwenye kigoda nikimenya maharage mabichi. Mkwe wangu Deo alikuwa amepata pikipiki kuukuu ya magurudumu manne huko Nyakanazi, kwa dereva wa lori aliyechoka kuibeba. Siku nne nzima aliitengeneza kando ya jiko letu. Aliibadilishia kabureta, akaiungia kichanja cha vyuma cha kubebea mikungu ya ndizi, na siku ile alikuwa akiijaribu. Ikalia. Wajukuu wakaziba masikio na kuchekelea. Deo akachukua kopo la oili, akainama kwenye gurudumu la nyuma.

"Acha!" nilipiga kelele, na bakuli la maharage likamwagika lote.

Deo aliinua uso, akacheka kwa adabu. "Baba, natia kwenye mnyororo. Breki haitiwi oili, hilo hata mtoto analijua."

Niliinama nikaanza kuokota maharage moja moja. Ninyi mnaosoma nitawaambia nisichomwambia yeye. Palikuwa na mtoto mmoja ambaye hakulijua.

Baba yangu alikuwa seremala, na kabla sijazaliwa aliwahi kuwa msaidizi wa fundi wa magari pale misheni. Alitengeneza milango, baiskeli, saa za ukutani, hata meno ya bandia ya bibi mmoja yaliyovunjika wakati akila mahindi ya kuchoma. Watu walikuwa wakisema, kitu kikimshinda baba Zakaria, kizike. Zakaria ni mimi.

Nilikuwa na mdogo wangu mmoja, Yustina. Alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na homa, na homa ilipoondoka ikaondoka na miguu yake. Jumapili baba alimbeba mgongoni hadi kanisani. Lakini shule ilikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa nzima, na siku za shule ni tano. Alipofika umri wa kuanza shule, mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilimbeba mara mbili au tatu, nikalalamika kwamba mabega yanauma, nikaachiwa. Basi yeye akabaki. Kila nilipomaliza daftari aliniomba, akawa ananakili herufi kwa mkaa kwenye mlango wa jiko, nyingine zikitazama kinyume. Alipofika miaka tisa mlango ulikuwa umejaa, na Mama hakuufuta.

Mwaka huo misheni walitupa pikipiki iliyovunjika uma wa mbele. Baba aliwatengenezea mabenchi, wakampa ile maiti. Aliisukuma hadi nyumbani, akaizunguka mara tatu kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akamwambia Yustina, "Wewe huna miguu, na hii haina. Tuwatafutie."

Ilichukua miezi mitano. Magurudumu ya mbele yalitoka kwenye mkokoteni uliooza, ya nyuma yalikuwa ya pikipiki mbili tofauti, moja nene kuliko jingine, kwa hiyo chombo kilisimama kimeinama kidogo kama mlevi anayesikiliza. Mhunzi wa kijiji cha jirani alifua mhimili kwa mvukuto. Injini ilivuta gurudumu moja tu, la kulia, na hilo hilo ndilo lililokuwa na breki. Vile vipande vinavyobana ndani ya gurudumu vilikuwa vimekwisha, na miaka ile ya uhaba hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Baba alikata vipande kutoka kwenye breki chakavu ya lori, akavipigilia kwa ribiti za shaba. Nyuma alitengeneza kiti chenye egemeo, Mama akakisukia mto wa majani makavu ya mgomba. Rangi ilikuwa masalio ya rangi ya mabati ya kanisa, nyekundu iliyoiva. Yustina alipoiona akasema, "Huyu ni Bihogo." Ndivyo kwetu tunavyomwita ng'ombe wa rangi hiyo. Tangu siku ile hakuna aliyekiita chombo tena. Akawa Bihogo, na kengele ya ng'ombe akafungwa.

Nami nilipewa kazi. Grisi haikupatikana, kwa hiyo baba alichanganya oili chafu na samli ya Mama iliyokwisha kuchacha, na kila Jumamosi nilipaka kwenye beringi na mihimili. Harufu yake ilikuwa nzito, ya maziwa na chuma, na haikutoka kucha mpaka Jumatano. Baba alikuwa akisema, "Chuma kikilia kina njaa. Kilishe kabla hakijamla mwenzake." Akaniita mlishaji. Sijawahi kupewa cheo kilichonipendeza zaidi ya hicho, na nimewahi kuwa karani mkuu.

Mwalimu mkuu alikuja kumtazama Bihogo, akaivuta kengele, akasema, "Mleteni mtoto Jumatatu, dawati lake lipo." Mama alishona sare kwa mkono.

Jumapili yake tulikwenda kanisani tukiwa juu ya Bihogo. Palipo uwanja wa kanisa pana mteremko mfupi, na baba alipokanyaga breki, Bihogo alilia. Watu wote waligeuka. Wavulana wa darasa langu wakaanza, "Nguruwe ya akina Zakaria imekuja kubatizwa!" Mzee Bikundi, jirani yetu aliyekuwa na mdomo kama panga, akasema kwa sauti ya kusikika hadi altareni, "Baba Zakaria, huyo ng'ombe wako anazaa au anachinjwa?"

Baba alicheka nao. Yustina hakucheka. Alijifunika kanga usoni na kubaki hivyo mpaka misa ilipokwisha. Njiani akaniambia, "Kaka, kesho wataniita nguruwe."

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Mchana ule baba alikuwa amekwenda kwenye mazishi, Mama yupo kisimani. Nilichukua samli, si ile iliyochacha bali ile safi ya mtungini, nikaiyeyusha kwenye kigae. Kwenye bati la gurudumu la kulia palikuwa na upenyo. Nilichovya unyoya wa kuku, nikauingiza pale, nikachovya tena, nikaingiza tena, mpaka kigae kikaisha. Halafu nikamsukuma Bihogo uani na kuibonyeza breki kwa mkono. Kimya. Nilijiona fundi kuliko baba. Kulikuwa na kitu kinalia, nami nimekilisha, kimeshiba.

Nikamwendea Yustina mlangoni. "Kesho halii tena."

"Umemfanyaje?"

"Nimemlisha."

Akatabasamu, na mkaa ulikuwa umemganda kwenye kidevu.

Asubuhi ya Jumatatu nilipita njia ya mkato, nikakimbia nikatangulia hadi chini bondeni, kwenye daraja la magogo. Wavulana walikuwa wamejaa pale wakimsubiri nguruwe. Nilitaka kuziona nyuso zao. Kwenye mteremko baba alikuwa na desturi ya kuzima injini ili kuokoa petroli, kama walivyofanya madereva wote wa wakati ule. Basi tulimwona Bihogo akitokea juu kwenye kona, mwekundu, na Yustina nyuma akiwa na sare mpya. Hakulia. Alikuja kimya kabisa, kengele tu ikigonga, na mimi nilifurahi. Sitaki kuwaficha hilo. Kwa muda wa pumzi tatu au nne, wakati baba yangu akikanyaga na kukanyaga, mimi nilikuwa nimesimama darajani nikifurahi.

Kisha nikauona uso wake. Daraja lilikuwa jembamba, limejaa watoto. Baba alikata usukani, akampeleka Bihogo kwenye ukingo wa juu wa barabara. Yustina alirushwa, akaangukia kwenye shamba la migomba, juu ya majani yaliyotandazwa, akachanika kidevu tu. Baba alibaki chini ya chuma. Nilisikia akiuliza, "Mtoto yuko wapi?" Akauliza tena na tena, hata walipokwisha kumwonyesha.

Alibebwa kwa machela hadi hospitali ya Ngara. Alirudi baada ya mvua za masika, nyonga imeungwa, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Mgongo uliokuwa ukimbeba Yustina haukuweza tena kubeba hata debe la maji.

Jioni ya siku aliyorudi aliniita. Alikuwa ameketi chini nyuma ya nyumba, karibu na Bihogo tuliyekuwa tumemfunika majani, na Yustina yupo pembeni yake. Nikasema, "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba," akanitazama muda mrefu.

"Zakaria, wewe ndiye mlishaji. Unadhani siku ile ilikuwaje?"

Nilijua. Walau nilijua kwamba unyoya ule ulikuwa na neno. Usiku kadhaa nilikuwa nimejaribu kuunganisha ukimya wa Bihogo na uso wa baba, nikaacha kabla havijaungana. Nikasema, "Sijui, baba. Labda ni mteremko."

"Mteremko," akasema. Akainua fimbo yake, akaingia ndani. Kesho yake alimpasua Bihogo vipande kwa nyundo, akiwa ameketi.

Kazi zikaanza kumkwepa. Nani ampe kitu cha kuunga mtu ambaye kazi yake ilikaribia kumuua mwanawe? Mzee Bikundi, ambaye siku ya ajali alilia kama mtoto, baadaye aliupata tena mdomo wake. "Baba Zakaria, mikono yako imezeeka kabla yako." Nilikuwa nimekaa hapo hapo. Baba akamjibu taratibu, "Ndiyo, kazi yangu ilikuwa mbaya," akiangalia kibuyu chake cha pombe ya ndizi. Mimi nilikuwa nakula kiazi, nikaendelea kula.

Lile dawati halikukaliwa na Yustina. Mama aliapa kwamba hakuna gurudumu litakalombeba tena mwanawe, na miguu ya kumbeba haikuwapo. Haikuwapo, ndivyo tulivyokuwa tukisema. Lakini mgongo wangu ulikuwapo. Mwaka uliofuata nilikuwa nimekomaa, nabeba mkungu wa ndizi hadi mnadani bila kutua. Ningeweza kumbeba msichana mwepesi saa moja kwenda na saa moja kurudi. Nilifaulu, nikaenda sekondari Biharamulo. Niliwaandikia nyumbani barua ndefu, na Yustina alisomewa na katekista aliyepita nyumbani, maana zile herufi za mlangoni hazikumfikisha mbali. Mambo mawili nilimnyima, kukiri na mgongo, na la pili sikuweza kulisingizia utoto.

Baba alipokuwa karibu kufa nilikuwa karani huko Biharamulo, mwenye watoto. Alinishika mkono. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo.

"Ile pikipiki yetu. Hivi wewe unadhani ilikuwaje?"

Mtu mzima wa miaka arobaini nikamwambia, "Ilikuwa mteremko, baba."

"Haya," akasema. "Ni mteremko." Akageukia ukutani.

Yustina aliishi miaka mingi baada ya hapo, kwenye chumba kinachotazama mlango ule ule wa jiko. Mwaka juzi, ugonjwa wa mwisho ukiwa umemkalia kifuani, nilimpelekea uji. Nikamwambia ghafla, kama mtu anayetema kitu cha moto, "Ni mimi niliyeipaka samli ile breki."

Hakushtuka. Alimeza uji kwanza.

"Kaka, baba alijua. Siku aliyorudi kutoka Ngara, kabla hajakuita, alilifungua lile gurudumu, akaingiza kidole, akakinusa. Akaangalia mtungi wa Mama pale jikoni. Nikataka kusema, akaniambia, 'Nyamaza. Ataniambia mwenyewe.'"

"Na hakukasirika?"

"Alisema ni yeye aliyekufundisha kwamba kinacholia kina njaa, hakukumbuka kukuambia kuhusu breki. Alisema ukishamwambia, naye atakuambia hivyo, mtagawana mzigo." Akapumzika. "Tulikungoja, kaka. Mimi nilichoka kabla yake. Yeye aliponiita siku ile ya mwisho unakuja kutoka Biharamulo, aliniambia, 'Leo atasema.'"

Nilikaa na lile bakuli mpaka uji ukaganda. Ilikuwa imenichukua uzee mzima kujua kwamba swali lake halikuwa swali. Ulikuwa mlango, na aliushikilia wazi kwa miaka yote ile akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Ile sentensi ya kugawana mzigo alikufa nayo. Yustina alimfuata kabla ya mahindi kukomaa.

Deo amekwisha kuitengeneza pikipiki yake. Kila jioni anashuka nayo kutoka shambani, mikungu imepangwa nyuma, na akifika penye kona breki inalia bonde zima linasikia. Wajukuu huziba masikio. Mimi huacha nilichokishika nikasikiliza mpaka mlio uishe na injini inyamaze.

Juzi, akinawa mikono, aliniuliza, "Baba, siku ile nilipokuwa natia oili, ulipiga kelele sana. Uliogopa nini?"

Alikuwa ametulia, ana nafasi, maji yanamdondoka kwenye viwiko. Nilifungua mdomo.

"Ule mteremko," nikamwambia.

"Haya, baba," akasema, akaingia ndani kula.