Siku Mbuzi Walipogomea Mto

Jumamosi iliyopita binti yangu alitaka tutoke Kitengela twende tutembee Kajiado, mji ulioitwa kwa jina la mto wake. Tukaona stesheni ya zamani ya reli, tukazunguka soko la shanga, halafu akateremka mtoni kupiga picha. Mimi nikabaki ukingoni, nikakataa kukanyaga mchanga. Rafiki yangu, acha nikueleze kwa nini.

Nikiwa mdogo, kila likizo shosho, nyanya yangu, alinipeleka mji huo huo. Alikuwa mwanamke wa Kiambu, mbishi ajabu, na pale Kajiado alikuwa na rafiki mmoja tu, nyanya wa Kimaasai aliyeuza shanga karibu na stesheni. "Takwenya!" shosho alikuwa akimsalimia kwa Kimaa chake kibovu. "Iko!" mwenzake anaitikia akicheka, nami nainamisha kichwa aniguse utosini, salamu ya watoto kwao. Tulikunywa chai ya maziwa yenye harufu ya moshi, kisha tukaenda mtoni, ambako watu walichimba mchanga mkavu wakapata maji matamu.

Siku moja shosho alikuwa amepiga magoti katikati ya mto mkavu, akichota shimoni kwa kikombe ajaze mtungi wake wa manjano. Mimi na yule nyanya tulikuwa ukingoni. Jua lilikuwa kali, mawingu yako mbali kule vilimani. Kundi la mbuzi likaja kunywa, likasimama ghafla ukingoni. Mchungaji akapiga mluzi, akachapa. Wapi! Hakuna aliyekanyaga mchanga.

Yule nyanya aliwatazama, akatazama na vilimani. Kisha akapaza sauti, "Wewe mama, toka huko! Maji inakuja!"

"Maji gani na jua linawaka?" shosho akajibu, hata kichwa hakuinua. "Ngoja nijaze."

Nikaanza kulia, nikimwita. Yule nyanya akatupa shanga zake chini, akaniambia nisisogee, akakimbia mtoni na magoti yake mabovu. Akamshika shosho mkono, akamvuta, shosho akigombana naye njia nzima juu ya mtungi. Walikuwa bado wanapanda ukingo niliposikia mngurumo. Maji mekundu yakapita na miti mizima ya miiba, na mtungi ukaenda nayo.

Shosho alikaa chini akikung'uta mchanga magotini. "Si ungeniacha tu na ubishi wangu," akasema.

"Na nani atanisalimia na Kimaa mbaya?"

Wakacheka mpaka wakalia. Nimewakosa sana wale wamama wawili, wote wameshaaga dunia. Mchanga nao umebebwa na malori, na kule mbuzi walikokuwa wakilishwa kumejaa fleti.

"Toka huko!" nikamwita binti yangu Jumamosi hiyo.

"Mum, si jua linawaka?"

Nikatazama vilimani, kulikuwa kweusi. Nikatazama ukingo wote, huku na huku, nikitafuta mbuzi hata mmoja. Hakukuwa na mbuzi. Nikavua viatu, nikashuka kumtoa.