Bado Kidogo na Kiboksi cha Dukani

Mume wangu hawezi kukiacha kitu kinachofanya kazi. Kilichoharibika anakitengeneza kama fundi mwingine yeyote, hilo silo linaloniumiza kichwa. Taabu ni kile kilicho kizima. Atafungua bawaba za mlango usiolia ili ajue mbona haulii. Tumeoana miaka ishirini na sita, na sijamwona akikalia kiti dakika kumi bila kukipindua akague miguu yake.

Kazini walimwita Bado Kidogo, maana ukimuuliza kama amemaliza hujibu hivyohivyo, hata kama ameshafunga mkoba wa vifaa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa mitandao katika kampuni iliyohudumia maofisi. Alitambaa juu ya dari za watu akivuta nyaya, akafungua ruta za kusambazia mtandao zilizounguzwa na umeme, akabadilisha vipuri vidogo kama punje za mtama, akazirudisha zikiwaka. Kisha maofisi yakaacha kutengenezesha. Ruta ikifa inatupwa, inanunuliwa nyingine dukani, na karani anaichomeka mwenyewe kabla ya chai ya saa nne. Kitengo chao kilikuwa na mafundi saba. Wakabaki wawili, halafu kitengo chenyewe kikafungwa.

Alirudi nyumbani na kisanduku cha bisibisi na kompyuta moja kuukuu waliyompa ya kumuaga. Wiki ya kwanza alitengeneza kila kitu. Wiki ya pili akaanza kuzunguka: sebuleni, barazani, jikoni, tena sebuleni.

"Baba, kaa basi, unanitia kizunguzungu," nilimwambia.

Akakaa. Nilipogeuka kuangalia sufuria, alikuwa barazani.

Wakati huo mimi nilikuwa nimepata kazi ya ukalimani wa simu. Nakaa katika chumba kilichokuwa cha watoto kabla hawajaondoka na kuwa na kwao, navaa hedifoni, daktari anaongea lugha yake huku, mgonjwa anaongea yake kule, na mimi niko katikati nawaelewesha. Nilikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio. Mkuu wangu alinieleza bila kuzunguka: mazungumzo yakikatika mara tatu kwa sababu ya mtandao wa nyumbani, hakuna mkataba. Na tangu mume wangu aachishwe, nyumba nzima ilikuwa inausubiri mkataba huo.

Ruta yetu ya zamani ikachagua mwezi huohuo kufa. Nikasema tununue nyingine. Afadhali ningemtukania mama yake.

"Ya dukani?" akasema. "Kile kiboksi cha gundi, ambacho hata kukifungua huwezi? Miaka miwili mitatu waliokiunda wanakisahau, hawakiletei tena marekebisho, na mwizi anaingia kama kwake. Nitakujengea mimi. Kila kilichomo ndani nitakijua, na kikiharibika mwenye kukitengeneza yuko hapahapa."

Yote yalikuwa kweli. Akaichukua ile kompyuta kuukuu, akaipachika kadi ya pili ya mtandao, akaiwekea programu ya bure iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, akaisimamisha kwenye kona ya sebule na antena mbili kichwani. Ilikuwa kubwa kama sanduku la safari, na feni yake ilikoroma kuliko yeye. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mtandao ulikuwa mkali, ulifika hadi bafuni. Na mume wangu akaacha kuzunguka. Akaweka stuli mbele ya skrini ya mashine yake, akakaa hapo kutwa.

Siku kumi na moja mtandao haukukatika hata mara moja. Siku ya kumi na mbili akauboresha.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Kwenye simu alikuwepo mama mwenye mtoto wa homa. Daktari alikuwa ameshataja dawa, akataja na kipimo, nami nikafungua mdomo kumwambia yule mama ni vijiko vingapi. Simu ikakatika. Nikatoka mbio.

"Bado kidogo, mama," akaniambia kutoka kwenye stuli, uso umejaa furaha. "Naiongezea kasi."

"Kwani haikuwa na kasi?"

"Ilikuwa nayo. Sasa itazidi."

"Kuna mtoto huko hawajui wampe vijiko vingapi!"

Alinywea. Aliomba msamaha, akaapa, akanichemshia chai. Mama yule aliunganishwa na mkalimani mwingine, lakini mimi niliandikiwa kosa. Haikupita wiki mbili, mkono ukamwasha tena, nikaandikiwa la pili. Nikabakiwa na moja.

Nikaenda dukani nikanunua kiboksi.

Nilisubiri aingie kuoga. Waya wa mtandao unaingia nyumbani kwetu kupitia dirisha la chumba changu cha kazi, ndipo uende sebuleni kwake. Nikaudaka njiani. Nikauchomeka kwenye kiboksi, na kutoka kwenye kiboksi nikavuta waya mwingine kwenda kwenye mashine yake, izidi kuwaka kama kawaida. Kompyuta yangu na simu yangu nikazihamishia kwenye kiboksi. Sasa hata angeizima mashine yake mara kumi kwa siku, mimi nisingeguswa. Nikakificha nyuma ya pazia, chini ya kitambaa cha meza. Nilitumia dakika kumi, nikinyata kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Ningemwambiaje? Viboksi kama hicho ndivyo vilivyomtoa kazini, na mimi nimekwenda kukileta kimoja mpaka chumbani. Pale kwenye stuli ndipo mahali pekee alipobakiwa napo. Niliogopa kwamba nikimnyang'anya hapo, sitampata tena mume wangu, nitapata mtu wa kuzunguka tu.

Jioni akaniuliza, "Leo imekatika?"

"Haijakatika."

"Imetulia sasa," akasema, na kutingisha kichwa.

Ikawa hivyo kila jioni, naye kila kutwa yuko mbele ya skrini, anabonyeza hiki, anasoma kile. Kutulia kukahamia kwake, mimi nikarithi wasiwasi. Nikisikia nyayo zake naruka kushika pazia. Nikiongea na wagonjwa, jicho moja liko mlangoni. Na uongo nao haushibi: nikaanza kumsifu hata asipouliza, nikatia chumvi, nikawasimulia majirani na ndugu. Mkataba ulipotoka nilisema, "Ni mashine yako hiyo, baba." Alinipongeza, akarudi kwenye stuli. Ningeweza kumwambia siku ile. Nikaenda kulinyoosha pazia.

Jumapili moja mchana akaja mdogo wake, fundi cherehani, ambaye siku hizi hupokea oda zake kwa simu na mtandao wa dukani kwake unamsumbua.

"Kaka, nimekuja kwa jambo moja," akasema hata kabla ya kukaa. "Nijengee na mimi. Shemeji anasema hii yako ina wiki saba haijakatika."

Nikasubiri aanze ile hotuba ya gundi na wezi. Mume wangu akaigeukia mashine yake.

"Nunua ya dukani," akasema.

"Wewe ndiye unasema hivyo?"

"Inatulia. Inachomekwa kwa dakika kumi. Muulize shemeji yako."

Mdogo wake akacheka mpaka akashika mbavu, akasema kaka leo kaamka na utani. Nikaenda jikoni nikaosha vikombe visafi mpaka mgeni alipoaga.

Niliporudi, mume wangu alikuwa ameshakaa kwenye stuli.

"Umejua lini?" nikamuuliza.

"Siku ileile. Mashine inaniandikia kila aliyeunganishwa. Tulikuwa wawili, wewe na mimi. Nimetoka kuoga, nikakuta nimebaki peke yangu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nikamwambia nisamehe. Akasema hakuna kosa, kazi nimeipata.

"Na kila jioni unaniuliza kama imekatika?"

"Nilitaka kujua kama imekatika."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekiondoa."

Kweli, ningekiondoa. Ningekiondoa kwa huruma, na mkataba ungekwenda nacho.

"Sasa wiki zote hizi," nikasema, "asubuhi mpaka jioni, ulikuwa unatengeneza nini hapo?"

"Hakuna," akasema. "Nilikuwa nakaa tu, mama. Ningekwenda wapi?"